Maswali ya Wasomaji: Oili ya Gia Boksi ya Otomatiki

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu gia boksi za otomatiki, hasa za magari ya mtumba yanayotoka Japani. Tumechagua zile zenye mambo yanayowahusu wengi. Karibu zote zinarudi kwenye mambo mawili yanayoua gia boksi nyingi kabla ya wakati wake: oili isiyo yake, na oili yake iliyotiwa pungufu au kupita kiasi.

Swali: Nina Toyota IST ya mwaka 2004, imeshatembea kilomita 140,000. Gia zinaingia vizuri. Fundi wangu anasema nisiguse kabisa oili ya gia boksi, maana ikibadilishwa gia boksi itakufa. Mwingine anataka niipeleke kwenye mashine ya kusukuma oili yote itoke kwa mara moja. Nimsikilize yupi?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Ndugu yetu, usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Badilisha, lakini kwa kumwaga na kujaza, bila mashine.

Hofu ya fundi wako haikutoka hewani. Magari mengi hufika gereji gia boksi ikiwa tayari inateleza. Mwenye gari anaomba oili mpya akitumaini itaponya, oili inawekwa, na baada ya wiki mbili gari halitembei. Lawama zote zinaiangukia oili. Kilichotokea ni kwamba pleti za klachi zilikuwa zimeshalika. Unga wa pleti hizo, uliokuwa unaelea kwenye oili chakavu, ulikuwa unasaidia kidogo zishikane. Oili mpya ilipouondoa, uchakavu ukajitokeza. Gia boksi ile ilikuwa inakwenda kufa kwa vyovyote vile.

Kwa hiyo pima kwanza. Asubuhi gari likiwa limepoa, washa, kanyaga breki, weka D. Linapaswa kushika ndani ya sekunde moja hivi. Likikaa sekunde mbili tatu ndipo linashtuka, kuna tatizo. Panda mlima taratibu: mshale wa mizunguko ya injini ukiruka juu huku mwendo hauongezeki, pleti zinateleza. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili ya gia boksi), unusa. Oili iliyoungua ina harufu kali ya kuungua ambayo hutaisahau. Kama gari lako limepita vipimo hivyo vyote, na ulivyoeleza inaonekana limepita, kubadilisha oili kutaliongezea maisha.

Mashine tunaikataa kwa sababu mbili. Inazungusha uchafu uliotulia chini kwa miaka, na uchafu huo unaweza kukwama kwenye matundu madogo ya valvubodi (sehemu yenye valvu zinazoelekeza oili). Ya pili ndiyo nzito zaidi: gereji nyingi zenye mashine zina pipa moja la oili nyekundu kwa kila gari linaloingia, IST, Nissan na Mazda sawasawa. Ukiingia kwenye foleni hiyo hujui umewekewa nini.

Gia boksi ya IST inachukua karibu lita 7 ikiwa kavu, lakini ukifungua nati ya chini zinatoka lita 3 tu. Nyingine zinabaki ndani ya toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) na kwenye njia za oili. Ukimwaga mara moja, oili mpya ni kama asilimia 43. Ukirudia baada ya kilomita 300 hadi 500, inafika asilimia 67. Mara ya tatu inakuwa asilimia 81, na hapo inatosha. Mabadiliko yanakwenda polepole na uchafu unatoka kidogo kidogo. Baada ya hapo mwaga mara moja kila kilomita 40,000. Vitabu vya watengenezaji huruhusu umbali mrefu zaidi kwa matumizi ya kawaida, lakini foleni za Dar, joto na vumbi ni matumizi magumu kwa kipimo cha kitabu chochote.

Swali: Nataka kubadilisha mwenyewe oili ya gia boksi ya IST. Nina jeki na spana. Naomba hatua zake, vifaa na vipimo, maana nimeshaona mafundi wanaojaza kwa kukisia.
*Dada msomaji, Arusha*

Jibu: Dada, kazi hii inahitaji utulivu kuliko nguvu. Tunaeleza kwa IST yenye injini ya 1NZ-FE na gia nne. Runx, Allex, na Premio na Allion za kabla ya 2007 zenye gia nne zina gia boksi za ukoo huohuo, na taratibu hazitofautiani sana. Hata hivyo, soma dipstiki yako kwanza: imeandikwa aina ya oili, na kwa IST ni T-IV.

Nunua kopo la lita 4 la Toyota T-IV, namba yake ya spea ni 08886-01705. Kama huipati, tafuta oili ya kampuni inayojulikana ambayo kopo lake limeandikwa T-IV au JWS 3309. Kopo lililoandikwa "inafaa magari yote" bila kutaja viwango liache dukani. Kwa mizunguko mitatu utahitaji lita 9, yaani makopo mawili ya lita 4 na lita moja ya ziada. Chukua pia washa mpya ya nati ya kumwagia, alenki namba 10, faneli yenye shingo ndefu inayoingia kwenye tundu la dipstiki, beseni safi, na jagi lenye alama za lita. Kitambaa kiwe kisichotoa nyuzi. Pamba ya gereji usiilete karibu, unyuzi mmoja unaweza kukwama kwenye valvu.

Endesha gari dakika kumi hivi oili ipate uvuguvugu. Isiwe ya moto kabisa, itakuunguza mkono, na ekzosi iko karibu. Egesha pasipo mteremko, weka P, vuta breki ya mkono, zuia matairi ya nyuma, inua mbele, kisha weka stendi mbili imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chomoa dipstiki kabla ya kumwaga, uhakikishe tundu la kujazia liko wazi.

Sasa kuna kosa linalotokea kila siku gereji. Chini ya IST kuna nati mbili za kumwagia oili. Ya injini ina kichwa cha nje na inafunguliwa na spana namba 14. Ya gia boksi iko kwenye sampo ya gia boksi (bakuli la chini linaloshika oili) na ina shimo la pembe sita la alenki namba 10. Fundi mwenye haraka anamwaga gia boksi akidhani ni injini, kisha anaongeza oili ya injini juu ya ile iliyokuwemo. 1NZ-FE inahitaji lita 3.7 pamoja na filta. Sasa ina zaidi ya lita 7, na gia boksi haina oili ya kutosha. Gari linatoka gereji, halifiki mbali. Ukiona kilichotoka ni chekundu au cha rangi ya chai, umefungua ya gia boksi. Ya injini ni nyeusi au ya kahawia na ni nzito zaidi.

Acha itiririke mpaka ibaki matone. Funga nati na washa mpya kwa Nm 17 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kupimia nguvu, kaza mpaka washa ibanwe kisha ongeza kidogo tu. Nyuzi za sampo zikiharibika, sampo nzima itabidi ibadilishwe.

Mimina oili iliyotoka kwenye jagi uipime. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayokupa namba ya kuanzia: kilichotoka ndicho kinachorudi. Iache ipoe kwanza hadi ifanane na oili mpya, kwa sababu oili ya moto imetanuka. Lita 3 zikipoa kwa nyuzi 50 hupungua zaidi ya mililita 100. Kama gari lilikuwa na oili sahihi kwenye dipstiki kabla ya kumwaga, rudisha kiasi kilekile. Kama lilikuwa pungufu, bado anza na kiasi hicho, nyongeza itafuata.

Jaza polepole kupitia tundu la dipstiki, kisha shusha gari. Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia P, R, N, D, 2, L na kurudi P, ukisimama sekunde mbili tatu kila hatua ili oili ijaze njia zote. Injini ikiendelea kuzunguka bila kukanyagwa mafuta, chomoa dipstiki, futa, ingiza mpaka mwisho, chomoa tena, soma. Oili baridi isome kwenye alama ya COLD. Kisha endesha dakika 15 hadi 20, urudi mahali tambarare, upime kwenye alama ya HOT. Kipimo cha HOT ndicho cha kuamini, oili ikiwa kwenye nyuzi 70 hadi 80. Ukikuta pande mbili za dipstiki zinasoma tofauti, amini ile ya chini: baada ya kujaza, oili inayoteremka kwenye ukuta wa bomba huchafua upande mmoja. Ongeza kwa desilita moja moja.

Kwa nini tunasisitiza desilita? Oili ikiwa pungufu, pampu inavuta hewa, shinikizo linashuka, klachi hazibanwi sawasawa, zinateleza na kuungua. Ikizidi, gia zinazozunguka zinaipiga mpaka inatoa povu. Povu ni hewa, na matokeo ni yaleyale, pamoja na oili kumwagika kwenye bomba la kupumulia. Dalili za oili iliyozidi na iliyopungua zinafanana mno, hivyo usiongeze oili kwa kusikia tu kwamba gari linateleza.

Mara moja kati ya mizunguko mitatu, shusha sampo. Bolti zake ni za kichwa namba 10 na ni nyepesi, Nm 7 hadi 8 zinatosha. Kaza kwa mkato, moja huku na nyingine upande wa pili. Ndani utaona sumaku. Unga wa kijivu laini juu yake ni wa kawaida, ufute. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Chembe nyeusi nyingi ni pleti za klachi, na za rangi ya shaba ni bushi. Badilisha chujio na oringi yake, na usifungue bolti yoyote ya valvubodi iliyo juu yake. Weka gasketi mpya, bila silikoni. Silikoni inayojikunja ndani hukatika, ikasafiri, ikaziba chujio ulilobadilisha jana.

Kesho yake angalia chini ya gari. Tone moja kwenye nati likikauka ni sawa. Likiendelea, washa haikukaa.

Swali: Premio yangu ni ya 2009. Niliongezewa ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) nyekundu ya Dexron III lita 2 kabla ya safari. Muuzaji alisema ATF zote ni moja. Tangu hapo gari linalia kama king'ora kidogo nikiongeza mwendo. Je, kuna uhusiano?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Kaka, uhusiano upo, na tunakuomba usiendeshe gari hilo tena mpaka oili itoke.

Premio na Allion nyingi za kizazi kilichoanza 2007 hazina gia za hatua. Zina CVT: puli mbili za chuma na mkanda wa chuma uliopangwa kwa vipande vingi vidogo, ukibanwa kati yake. Nguvu yote ya injini inapita pale chuma kinapogusa chuma, katikati kukiwa na utando mwembamba wa oili. Oili ya CVT imetengenezwa ili utando huo ushike. Oili ya Dexron III imetengenezwa kwa pleti za klachi, ambazo huteleza kidogo kwa makusudi kabla ya kushikana ili gia isigonge. Ukiiweka kwenye CVT, mkanda unateleza juu ya puli na kuchora mistari. Mlio unaousikia huenda ndio huo. Mistari ikishaingia kwenye puli, hakuna oili itakayoifuta.

Kama ungekuwa hujaiwasha tungekuambia umwage na kujaza mara moja tu. Kwa kuwa umeiendesha, mwaga, jaza CVT Fluid TC ya Toyota, washa na upitishe gia zote dakika chache gari likiwa limesimama, mwaga tena. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kutoka barabarani. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko CVT ya mtumba kutoka Japani ambayo nayo hujui historia yake. TC ya lita 4 ni namba 08886-02105. CVT za Toyota zilizofuata zinatumia FE, namba 08886-02505, kwa hiyo kitabu cha gari lako, au stika iliyo kwenye gia boksi, ndicho kiamue.

Hili la aina linawasumbua wasomaji wengi, basi tuliseme kwa wote. Jina la gari halikuambii gia boksi. Nissan Tiida ziliuzwa Japani nyingine zikiwa na gia nne, nyingine na CVT. X-Trail ya T31 yenye CVT inatumia NS-2, ya T32 inatumia NS-3. Gia boksi za Toyota za kizazi cha WS (oili iliyofuata T-IV) hazitaki T-IV, wala za T-IV hazitaki WS: kwa joto la nyuzi 100, T-IV ina uzito (mnato) wa kama 7, WS kama 5.5, na kompyuta na solenoidi zimepangwa kwa uzito huo. Mazda za Skyactiv zinatumia FZ. Honda za zamani zenye gia zilitumia Z1, sasa DW-1. Rangi nayo haiaminiki. T-IV na WS zote ni nyekundu. Andika aina ya oili ya gari lako kwenye karatasi uiweke pamoja na kadi ya gari, mpe fundi aisome kabla hajafungua kitu.

Swali: Mark X yangu (GRX120) haina dipstiki ya gia boksi. Fundi anasema ni ya "maisha yote," haibadilishwi. Nitajuaje kama oili ipo?
*Msomaji, Mbeya*

Jibu: Hakuna oili ya maisha yote kwenye gari linalopanda mlima wa Kitonga. Gia boksi hiyo ya gia sita inatumia WS, nayo huchakaa kama nyingine. Kilichoondolewa ni dipstiki tu, ili watu wasiongeze ovyo.

Kiwango kinapimwa kwa nati ya kufurikia. Oili inajazwa mpaka ianze kutoka, lakini si kwenye joto lolote. Kwa gia boksi nyingi za Toyota za aina hii, kipimo ni pale oili inapokuwa kama nyuzi 40, gari likiwa tambarare kabisa na injini inazunguka. Joto lisomwe kwa skana iliyochomekwa chini ya dashibodi. Likiwa nyuzi 70, oili imetanuka, itamwagika nyingi, utafunga nati ukiwa na upungufu. Likiwa nyuzi 20, utajaza kupita kiasi. Huko kwenu Mbeya asubuhi za Juni na Julai ni baridi, basi mwambie fundi asubiri mpaka skana ionyeshe joto sahihi. Mtiririko mwembamba, ukielekea kuwa matone, ndio wakati wa kufunga.

Fundi asiye na skana asikufungulie nati hiyo. Na kama anainua gari upande mmoja tu kwa jeki ndipo apime, kipimo chake hakina maana.

Swali: Forester ya SH5, ya 2009. Baada ya "sevisi ya gia boksi" inalia mbele, sauti nyembamba inayopanda na mwendo. Fundi anasema ni bearingi ya tairi.
*Msomaji, Kampala*

Jibu: Ndugu, kabla ya bearingi, angalia difu ya mbele. Subaru ina difu ya mbele ndani ya nyumba moja na gia boksi, lakini oili zake ni tofauti kabisa. Ina dipstiki yake ndogo, upande mwingine na ile ya ATF, na nati yake ya kumwagia iko mbele kidogo ya sampo ya gia boksi.

Kosa lililozoeleka ni hili: fundi anafungua nati ya difu akidhani ni ya gia boksi. Zinatoka lita moja na kidogo za oili nzito ya 75W-90. Kisha anamimina ATF kwenye gia boksi ambayo haikumwagwa. Difu inabaki kavu, gia boksi inafurika. Mlio ulioueleza unaendana kabisa na difu iliyokosa oili.

Zima gari. Chomoa dipstiki ya difu. Ikiwa kavu, jaza 75W-90 ya GL-5 mpaka alama ya juu, kisha punguza ATF iliyozidi kwenye gia boksi. Mlio ukibaki baada ya hapo, gia za difu zimeshalika, na kilichobaki ni kuifungua. Fundi aliyeifanyia sevisi anapaswa kuonyeshwa dipstiki hiyo, ili Forester inayofuata isikutwe na yaleyale.

Swali: Noah yangu, maji ya rejeta yamekuwa ya pinki yenye povu, mazito. Fundi anasema ni silinda hedi.
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Mama, pengine hedi haihusiki kabisa. Oili ya injini ikichanganyika na maji hutoa uji wa kahawia. Uji wa pinki unatoka kwenye ATF. Ndani ya tanki la rejeta kuna kipoza oili ya gia boksi, na kikitoboka, injini ikiwa inafanya kazi, oili inasukumwa kwenye maji kwa sababu shinikizo lake ni kubwa zaidi. Ukizima gari likiwa la moto, pampu inasimama, oili inapoteza shinikizo, lakini maji bado yanabana, hivyo yanarudi kwenye oili. Chomoa dipstiki ya gia boksi. Ikiwa imekuwa ya maziwa, maji yameshaingia.

Gari livutwe, lisiendeshwe. Maji yanalegeza gundi inayoshika pleti za klachi, na pleti zikibanduka hakuna oili ya kuzirudisha. Badilisha rejeta, mpya si ya kuchomelea. Suuza mfumo wa maji. Mwaga na jaza ATF mara tatu hadi nne gari likiwa limesimama, mpaka itoke safi bila weupe. Kisha endesha kilomita chache umwage tena. Kama gari liliendeshwa siku nyingi likiwa na maji ndani, jiandae kufungua gia boksi.

Na usirudi kwenye maji ya bomba au ya kisima. Chumvi yake ndiyo inayokula kipoza hicho kutoka upande wa maji. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini.

Swali: Honda Fit ya 2005 (GD1) inatetemeka inapoondoka tu, kisha inatulia. Je, nibadilishe gia boksi?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Bado. Fit hiyo ina CVT isiyo na toki konvata. Inaondoka kwa klachi ya kuanzia iliyo ndani ya oili, na oili ikichakaa au ikiwa si HMMF ya Honda, klachi hiyo inashika na kuachia. Mwaga lita 3 hivi, jaza HMMF, rudia mara mbili baada ya umbali mfupi, kisha kompyuta ifundishwe upya klachi hiyo kwa skana. Nyingi hutulia. Kama baada ya hapo bado inatetemeka, klachi imelika, na fundi ataibadilisha bila kugusa puli. Kumbuka pia kwamba Honda za gia za kawaida zenye dipstiki hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja hadi moja na nusu baada ya kuzima. Ukipima kwa mtindo wa Toyota utaongeza oili isiyohitajika.

Swali: Nikipanda Kitonga na mzigo kwenye Allion yangu ya gia nne, ya 2003, gia inabadilika huku na huku. Ni oili?
*Msomaji, Iringa*

Jibu: Si oili, ila oili ndiyo inayoumia. Gia boksi inajaribu kupanda gia ya nne, inashindwa, inarudi ya tatu, na kila mara toki konvata inazalisha joto. Kanuni ya jumla ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya kawaida, uhai wa oili hupungua karibu nusu. Bonyeza kitufe cha O/D mpaka taa ya O/D OFF iwake, gari libaki la tatu mpaka ufike juu. Kwenye kuteremka weka 2 ili injini ishike gari, usiweke N, maana utabaki na breki peke yake na pedi zitapata moto.

Kama unapita pale mara kwa mara na mzigo, mwaga oili kila kilomita 30,000 badala ya 40,000, na kila ukifungua sampo safisha mapezi ya rejeta kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje.